Kumpandisha Agatha Kidevuni

Kidevuni, penye mpando mkali kuliko yote, kila mtu alishuka. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya njia ya kwenda malisho ya Rossegg, na hapakuwa na haja ya kumwambia mtu. Kigari kilifika chini ya ule mpando, dereva akaingiza gia ndogo kuliko zote, abiria wakaruka chini, hata padri siku alipokuja kubariki ng'ombe. Mmoja wao alichukua gogo na kutembea nyuma ya gurudumu, ili injini ikizima alitupe gogo pale kabla kigari hakijaanza kurudi kinyumenyume kuelekea korongoni. Viangazi vingi mwenye gogo alikuwa mimi.

Nilifika bonde lile la Uri, chini ya milima ya theluji, nikiwa napita tu, nikakaa. Nimekaa na makanika wa Peshawar wanaochonga ringi za pistoni kwa tupa, na wa Arusha wanaofufua pampu ya dizeli kwa kipande cha kopo la maziwa. Lakini sijaona mtu aliyeipenda injini na kuitukana kwa pumzi moja kama Remigi wa Brunni. Brunni ni jina la nyumba yao. Kule mtu huitwa kwa nyumba, ukoo hukumbukwa siku ya mazishi.

Kigari chake watu walikiita Mbuzi, kwa kuwa kilipanda popote na kwa sauti mbaya. Kilikuwa na kiti cha watu wawili mbele, sakafu ya mbao nyuma ya kubebea nyasi kavu, magurudumu yote manne yakivuta. Injini ya dizeli ya silinda mbili ilikaa chini ya kiti, hivyo asubuhi za baridi Remigi alikaa juu yake ametulia kama kuku anayeatamia. Kwenye tambarare kilivuta kama kinavyotakiwa. Huko juu, hewa inapokuwa nyepesi, kilianza kukohoa, na Kidevuni kilipanda kikiwa na dereva peke yake, tena kwa shida.

Kwa miaka yote hiyo jambo hilo halikumsumbua mtu. Miguu ilikuwepo.

Kisha, Februari moja, Agatha aliteleza kwenye barafu ya ngazi za kanisa akavunjika nyonga. Agatha alikuwa mke wa Remigi, na ndiye aliyekuwa akipika jibini Rossegg tangu alipoolewa. Mfupa uliunga, lakini mguu mmoja ulibaki mfupi kuliko mwenzake, na daktari akasema atatembea kwa fimbo, penye tambarare. Katika bonde lile tambarare ni uwanja wa kanisa na sakafu ya jikoni.

Binti yao aliyeolewa mjini Altdorf alishamwandalia chumba chenye balkoni.

"Balkoni ya kuangalia nini?" Agatha aliuliza. "Magari ya watu?"

"Mama, utapumzika."

"Nitapumzika nikifa. Ng'ombe wanapanda mwezi wa sita."

Jirani mmoja, kwa nia njema, alishauri helikopta. Kule helikopta huja kuchukua ng'ombe aliyevunjika mguu mlimani. Hufungwa kwenye wavu na kuning'inizwa angani, miguu minne ikipiga hewa, na bonde zima hutoka kutazama.

"Mimi siyo Bläss wako," Agatha alimwambia. Bläss alikuwa ng'ombe wa jirani huyo. "Nitapanda nikiwa nimekaa, au sipandi."

Asipopanda, jibini haipo. Jibini isipokuwepo, Rossegg ni nyasi za kutazama tu, na kibanda kitafungwa kama vilivyokwisha kufungwa vingine viwili upande wa pili. Lakini sidhani Remigi aliwaza jibini. Nilimwona jioni ile akikizunguka kigari, mikono mfukoni, kama mtu anayemtazama ng'ombe anayetaka kumnunua ilhali ni wake mwenyewe.

"Kinahitaji nguvu kidogo tu," alisema. "Nguvu ya mwanamke mmoja."

Kesho yake tulikipeleka kwa Balz Imholz, fundi wa kijiji, aliyekuwa na karakana kando ya mto na mdomo usiokuwa na breki. Alikuwa rafiki ya Remigi tangu shule na hawakuwahi kuzungumza kwa upole.

"Unataka nguvu?" Balz alisema. "Nunua kigari kipya, mzee bahili wewe."

"Nimekuja kwa fundi, sijaja kwa mchuuzi."

"Haya. Silinda zako mbili zimechoka kuliko wewe. Nozeli zinaikojoa dizeli badala ya kuipuliza. Hebu tuanze hapo."

Walizisafisha nozeli, wakazipima, wakabadilisha moja. Kigari kikapata sauti safi zaidi. Tulipanda hadi Kidevuni kukijaribu, mimi nikiwa nimekaa mahali pa Agatha na gunia la chumvi mapajani ili uzito ulingane, maana Agatha alikataa katakata kupimwa. Kilifika katikati kikazima. Niliruka na gogo.

Mara ya pili Remigi hakumngoja Balz. Kwenye pampu ya dizeli kuna skrubu inayoweka mpaka wa mafuta, imefungwa kwa waya na lakiri ya risasi ili watu kama Remigi wasiiguse. Aliikata lakiri kwa koleo, akaizungusha skrubu. Pale uani Brunni injini iliunguruma mpaka madirisha yakatetemeka na kuku wakapanda juu ya kuni.

"Sikia hiyo!" alipiga kelele. "Agatha! Sikia hiyo!"

"Naisikia," Agatha alijibu kutoka dirishani. "Na shuka zangu zinaiona."

Shuka zilikuwa kwenye kamba, na zilikuwa nyeupe dakika moja kabla.

Kidevuni, kwa nguvu zote zile za uani, kigari kilitoa wingu jeusi lililotufunika sisi, gogo na gunia la chumvi, kisha kikazima mahali palepale. Tulirudi kwa Balz tukiwa na nyuso za wachoma mkaa. Alicheka mpaka akaketi juu ya tairi.

"Umekipa chakula, hukukipa pumzi," alisema alipoweza. "Hewa ya kule juu ni nusu tumbo. Unamwaga dizeli, hakuna cha kuichomea, inatoka moshi. Na ukiendelea hivyo utaunguza pistoni. Rudisha skrubu, bakiza robo tu ya ulichofungua. Halafu tafuta pumzi."

Pumzi hiyo ndiyo iliyotuponza.

Balz aliondoa kibati chembamba chini ya pampu ili dizeli iingie mapema kidogo. Injini ikaanza kugonga kama mtu mwenye haraka mlangoni, lakini ikavuta vizuri. Chujio la hewa akamwachia Remigi alioshe nyumbani. Lilikuwa chujio la kale, la bakuli la oili. Hewa huingia kwa bomba lililosimama kando ya kiti, linalovikwa kofia ya bati. Hushuka hadi kwenye bakuli lenye oili, huacha vumbi lake mle, kisha hupanda kwenda kwenye injini. Remigi alikuta bakulini matope yenye mbegu za nyasi za viangazi vingi. Akalisafisha likang'aa. Akaing'oa kofia ya bati na kuitupa, ili hewa iingie bila kupiga hodi.

Sasa akawaza vumbi. Bila kofia, vumbi la nyasi kavu litaingia mno. Kwa hiyo oili iongezwe.

Ndani ya bakuli kuna mstari unaoonyesha mwisho wa kujaza. Lakini katika bonde lile hakuna anayejaza chombo hadi mstarini. Kahawa yenye pombe ya peasi hujazwa mpaka ukingoni. Ukiacha nafasi ya kidole, mgeni ataondoka akisema nyumba hii imeingiwa na ubahili. Ndoo ya maziwa hujazwa hivyo, na bakuli la wali wa vitunguu vya majani hivyohivyo. Nilikuwepo Remigi alipomimina oili ile. Aliufikia mstari, akautazama kama mtu aliyetukanwa, akaendelea kumimina.

"Hapo je?" niliuliza.

"Anakwenda mlimani," alisema. "Mpe anywe."

Siku ya kupanda ilikuwa na jua. Ng'ombe walitangulia na jirani na kengele zao. Nyuma ya kigari tulifunga sufuria kubwa la shaba, chumvi, mikate na nusu ya jibini kubwa ya duara ya mwaka uliotangulia, chakula cha wiki ya kwanza. Agatha alikaa kwenye kiti akiwa amevaa koti la kanisani, fimbo kati ya magoti, mkoba mapajani.

Chini ya Kidevu niliruka kwa mazoea. Agatha naye alishika ukingo wa kiti kwa mazoea, mguu ukitafuta ngazi.

"Kaa," Remigi alimwambia.

"Kitazima, Migi."

"Kaa nimesema."

"Kikizima nikarudi korongoni, jua kwamba sijakusamehe."

"Lini ulishanisamehe kitu?"

Aliingiza gia. Kigari kilianza kupanda, polepole, kikigonga, moshi kidogo tu wa kijivu. Nilitembea nyuma na gogo langu. Tulipita mahali pa kuzimia. Tulipita jiwe ambalo mwaka wa kwanza tulilisukuma kwa mabega. Nilimwona Agatha ameacha kushika ukingo, ameinua kidevu chake mwenyewe, na Remigi ananyoosha mgongo, na nikajua ananyoosha ili nimwone.

Mpando ulipokuwa mkali kabisa, pua ya kigari ikitazama mawingu, sauti ikabadilika. Kugonga kulikwisha, ukaanza mlio mmoja mrefu, unaopanda. Moshi ukawa wa buluu. Kigari kikaruka mbele kama kimechomwa mwiba. Mimi nilibaki na gogo langu katikati ya njia. Sikuwahi kukiona kigari kile kikiondoka mbele yangu kwa kasi. Nilisikia Agatha akiita, na kwa mshangao wangu lilikuwa neno la furaha, lile wanalopigia ng'ombe wanaporudi.

Bakuli lilikuwa limeinama. Oili yote ya ukarimu ilikuwa imemiminikia upande wa injini, na injini ilikuwa inainywa. Injini ya dizeli haichagui. Ikipewa oili huchoma oili, wala haijali tena pampu inasema nini.

Nilipofika juu nikihema, kigari kilikuwa kimesimama penye nyasi tambarare, gia imetolewa, breki imevutwa, na injini inalia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia tena popote. Kilitetemeka mpaka sufuria la shaba likaimba. Remigi alikuwa amevuta waya wa kuzimia hadi ukakatika mkononi.

"Haizimi!" alipiga kelele. "Nimefunga dizeli, haizimi! Agatha, ruka!"

"Niruke na mguu huu?"

"Itapasuka!"

"Inavuta wapi hewa?"

Remigi alionyesha bomba, kando ya goti lake, lililokuwa limebaki wazi. Agatha aliupeleka mkono nyuma bila kugeuka, kama anavyofanya jikoni akitafuta mwiko, akaishika ile nusu ya jibini, akaiinua kwa mikono miwili na kuukandamiza upande wake uliokatwa juu ya mdomo wa bomba. Akaiegemea kwa kifua, na koti lake la kanisani.

Mlio ukashuka. Ukawa mguno, ukawa kikohozi. Kisha kimya, na kengele za ng'ombe zikasikika kutoka mbali, kumbe zilikuwa zikilia muda wote.

Agatha aliibandua jibini kwa shida, akaigeuza. Katikati palikuwa na duara lililozama, safi kama limekatwa kwa kopo.

"Nilikwambia jibini ya Agosti imara zaidi," alisema.

Kisha akatazama kushoto na kulia, akaona kibanda, mlango wake wa rangi iliyobabuka, birika la mti la kunyweshea ng'ombe, kisiki chake cha kukalia. Akaegemeza mkono begani kwa Remigi akashuka, hatua ya kwanza, ya pili, fimbo ikizama kwenye nyasi. Remigi alibaki kwenye kiti akishika waya uliokatika. Machozi yalikuwa yanamtoka, na aliyafuta kwa mkono wenye oili, akajichora usoni.

"Moshi," alisema.

"Ndiyo," nilimjibu. "Moshi."

Jioni ile, kama kila jioni ya kiangazi kule, Remigi alisimama juu ya mwamba na faneli ya mbao ya kuchujia maziwa mdomoni, akaita dua ya kuwakabidhi watu na wanyama kwa Mungu, pande nne za mlima. Agatha alikuwa ameketi kwenye kisiki, maziwa yakipata moto ndani. Aliniambia kuwa mwisho wa baridi ile, alipokuwa amelala hospitalini, hakuogopa kufa. Aliogopa kuisikia sauti ile akiwa chini, ikifika bondeni imeshakuwa nyembamba.

Mbuzi hakuwaka tena kiangazi kile. Balz alipanda kwa miguu akaifungua injini palepale nyasini: ringi zimevunjika, pistoni moja imechubuka kama goti la mtoto.

"Umeikata lakiri," alisema, akihesabu makosa kwa vidole vyenye grisi. "Umetupa kofia. Umejaza bakuli kama unapokea askofu."

"Lakini kilipanda?" Remigi aliuliza.

Balz alimtazama Agatha, aliyekuwa akigeuza jibini mlangoni.

"Kilipanda," alikubali.

Kwa hiyo jibini za mwaka ule zilishuka kwa mgongo wa Remigi na wangu, juu ya fremu ya mbao iliyokuwa ya baba yake. Agatha alitutania kila tulipoondoka, kwamba kwa kutafuta nguvu ya mwanamke mmoja tumepoteza nguvu ya wanaume wawili. Yeye mwenyewe hakuwa na njia ya kushuka mpaka vuli, na hakulalamika hata siku moja. Binti yake alipanda kumtembelea, akamkuta mikono ndani ya sufuria hadi viwikoni, hakutaja balkoni tena.

Septemba ng'ombe walipovikwa maua na kuteremshwa, kigari kilishuka nao bila injini, kwa breki tu, kimya kabisa. Kushuka hakuhitaji nguvu. Watoto wa kijiji walikifunga maua ya karatasi kama ng'ombe kiongozi, na Agatha alipungia watu mkono kutoka juu ya kiti kama malkia wa nchi ndogo.

Majira ya baridi Balz aliifanya kazi ile inavyostahili. Alizikereza silinda zipanuke kidogo, akatia pistoni mpya, akafunga chujio kubwa la karatasi kutoka kwenye lori lililokufa, na theluji ilipoyeyuka akaiweka skrubu mahali pake kwa sikio na kwa rangi ya moshi, huko huko juu Rossegg, siyo bondeni. Tangu hapo Kidevuni hakuna aliyeshuka. Gogo likawa la kukalia. Agatha alipanda kila Juni kwa miaka iliyobaki, amekaa, koti la kanisani, na kila mara katikati ya mpando alisema, "Polepole, Migi, siyo harusi," na Remigi hakupunguza.

Agatha alifariki mwezi wa Machi, kitandani kwake Brunni, theluji ikianza kudondoka kutoka kwenye paa.

Mwaka ule Remigi alipanda na kiti kitupu, akapika jibini mwenyewe, vibaya. Mwaka uliofuata, Jumapili moja baada ya misa, nilimwona amesimamisha kigari mbele ya kanisa, injini ikinguruma, anamsubiri Philomena. Huyu alikuwa ajuza wa kibanda kimoja kati ya vile viwili vilivyofungwa. Zamani yeye na Agatha walishindana jibini na hawakusalimiana Agosti nzima. Magoti yalikuwa yamemfungia bondeni miaka mingi.

"Kitanibeba hicho?" aliuliza, akikigonga kwa fimbo.

"Kimebeba wazito kuliko wewe, mama."

"Mtukane mkeo, usinitukane mimi."

Alipanda. Kidevuni alijishika kwa mikono miwili, akatafuta ngazi kwa mguu kama wote wa umri wake, na Remigi akamwambia akae. Juu, Philomena alikwenda hadi kibandani kwa fimbo yake, akakata kipande cha jibini ya Remigi, akakitafuna akitazama ukuta.

"Chumvi imezidi," alisema. "Na ulipasha moto haraka. Nani alikufundisha?"

"Nilikuwa nachungulia tu."

"Inaonekana."

Alivua koti lake, akalitundika msumarini bila kuuliza, msumari aliokuwa akitundika Agatha. Philomena alikuwa anakunja mikono ya blauzi juu ya viwiko vyembamba vyenye mabaka.

"Umesimama unatazama nini?" alimwambia. "Washa moto."